Kisa cha gitaa lililowekewa funguo mpya na bado likagoma kukaa kwenye tyuni

Gitaa lenyewe na mwenye nalo

Mwenye gitaa nitamwita P tu. Anapiga kwenye bendi, rizimu na solo vyote anabeba yeye, mkono wa kulia mzito, na anapenda kuvuta nyuzi. Vitu vya kumtambulisha nimeviondoa, na gitaa nitalieleza kwa umbo, kampuni haina umuhimu hapa.

Ni gitaa la umeme la umbo la Stratocaster: funguo sita zote upande mmoja wa kichwa, skeli (urefu wa uzi unaolia) ya milimita 648, briji ya tremolo (inayoinamishwa kwa mkono wa chuma ili sauti ishuke au ipande) inayokaa kwenye nguzo mbili, nyuma springi tatu. Briji ilikuwa inaelea, yaani haigusi mbao, imebaki katikati ya mvuto wa nyuzi na mvuto wa springi. Kichwani kuna vibanio viwili vya kushusha nyuzi, kimoja cha B na E nyembamba, kingine cha D na G (nyuzi huitwa kwa noti zake, kutoka nene kwenda nyembamba: E, A, D, G, B, E). Nati ya shingoni (kile kipande chenye mifereji sita, sio nati ya spana) ni plastiki ngumu, haijawahi kuguswa tangu gitaa litoke kiwandani.

Na kiwandani lilitoka na nyuzi za 9, seti ya unene wa inchi 0.009 mpaka 0.042. P alizipiga muda mrefu bila shida yoyote. Baadaye akataka sauti nene zaidi akahamia 10, yaani 0.010 mpaka 0.046. Tabu ilianzia hapo, ila yeye hakuunganisha hayo mambo mawili, na simlaumu, maana nyuzi mpya siku zote zinashuka shuka mpaka zinyooke na zitulie, kwa hiyo mwanzoni alijua ni kawaida, alivyokuja kushtuka kwamba hazitulii alikuwa ameshasahau kabisa kwamba alibadili geji, yaani unene wa nyuzi.

Malalamiko

Alivyoniletea alisema hivi: "Fundi, natyuni vizuri, napiga wimbo mmoja G imeshashuka. Natyuni tena, wimbo wa pili napigapiga mkono wa tremolo, sasa hivi imepanda. Inashuka na kupanda, mi nimechoka nayo."

Watu wengi wakileta gitaa wanasema "halikai tyuni" basi, inaishia hapo. P alisema linashuka na linapanda, na akasema kila moja linatokea akifanya nini, na hiyo peke yake ilikuwa nusu ya kazi. Nitaeleza kwa nini mbele kidogo.

Aliyoyafanya kabla ya kuja

Kwanza alibadili nyuzi, kampuni nyingine, geji ile ile. Hamna kitu.

Pili akanunua funguo za kuloki, zile ambazo uzi unabanwa ndani ya nguzo kwa skrubu, hauzungushwi mara nyingi. Nguzo zake ni za ngazi, zinapungua urefu kadiri zinavyoenda mbali na nati. Funguo nzuri kabisa, amezifunga vizuri, hazichezi. Gitaa likabaki vile vile.

Tatu mtu akamwambia apake risasi ya penseli kwenye mifereji ya nati. Akapaka. Anasema usiku ule gitaa lilitulia vizuri sana, kesho yake likarudia tabia, akaona ushauri wa bure hauna maana akaachana nao. Hapa jibu lilikuwa limeshamfikia mkononi akalitupa.

Nne, na hii ndiyo iliyogharimu zaidi: nyuzi za 10 zilivuta briji ikainuka upande wa nyuma, nyuzi zikawa juu sana ya freti (vile vyuma vya shingoni). Badala ya kwenda kwenye springi, akachukua kifaa cha kukazia akashusha zile nguzo mbili za briji, na nyuzi zote zikiwa zimekazwa. Hilo usifanye. Ncha za briji ni nyembamba na zimegandamizwa kwenye nguzo kwa nguvu kubwa, ukizungusha nguzo wakati huo unasaga chuma kwa chuma.

Ukaguzi

Nilianza kwa kuinyima briji nafasi ya kusema. Nilifungua kifuniko cha nyuma nikachomeka vipande vya mbao mbele na nyuma ya kile chuma kikubwa kinachoshuka kutoka kwenye briji, kikabanwa, hakiendi huku wala huku. Sasa gitaa limekuwa kama la briji isiyotembea, na tatizo lolote litakalobaki linatoka kwenye nati, kibanio, ufunguo au kikalio cha uzi (kile kipande cha briji ambacho uzi unakikalia). Bila hatua hii unakimbizana na vitu viwili kwa wakati mmoja, na kwenye gitaa hili ungekimbizana sana, mtaona.

Tyuna niliyotumia ni ya strobu, inayoonyesha hata tofauti ndogo sana; ile ya kubana kichwani mwa gitaa ni sawa kwa steji ila kwa kutafuta ugonjwa inazunguka zunguka mno.

Nikatyuni G, nikauvuta tone nzima (sauti ipande kama freti mbili) kwenye freti ya 12, nikaachia, nikapiga wazi: iko senti 9 chini (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu tone). Nikabonyeza uzi ule kwa kidole kule nyuma ya nati, kati ya nati na funguo, nikaachia: iko senti 3 juu. Sijagusa ufunguo hata kidogo. Nikarudia, vile vile. D nayo hivyo hivyo ila kidogo zaidi, senti 5 au 6. E nene nikibonyeza nyuma ya nati inapanda na kubaki juu. B na E nyembamba zinarudi zenyewe karibu kabisa.

Kinachotokea ni hiki. Ukivuta uzi kwenye freti, kipande kidogo cha uzi kinateleza kutoka upande wa funguo kupita kwenye nati kuja upande unaolia. Ukiachia kinatakiwa kirudi. Mfereji ukiwa umeubana, hakirudi, kwa hiyo upande unaolia una uzi mwingi kuliko mwanzo, umelegea, sauti iko chini. Ukibonyeza nyuma ya nati unakivuta kile kipande kwa lazima, kinarudi na hata kinapitiliza, sauti inapanda. Na mkono wa tremolo ukiusukuma chini ni kinyume chake: nyuzi zinalegea, uzi unateleza kwenda upande wa funguo, briji ikirudi uzi unanasa huko huko, sauti inabaki juu. Ndio ile "inashuka na kupanda" ya P.

Sasa linganisha na uzi unaoteleza kwenye nguzo ya ufunguo. Ule unashuka tu. Unashuka, unashuka, haupandi wenyewe hata siku moja, maana uzi uliochomoka kwenye nguzo hauna wa kuurudisha. Na joto la taa za steji likizidi zinashuka zote sita pamoja, haliwezi kuchagua G na D. Kwa hiyo maneno ya P peke yake yalikuwa yameshaziondolea lawama funguo za zamani kabla sijashika kitu.

Swali ambalo aliniuliza na ni zuri: kwa nini G ndiyo inalalamika kuliko zote wakati kutoka 9 kwenda 10 ule uzi umeongezeka kidogo tu, 0.016 kuwa 0.017? Nyuzi nene ndio zimenenepa zaidi, E imetoka 0.042 mpaka 0.046. Ni kweli, na mifereji ya nyuzi nene ndiyo iliyobana zaidi. Lakini G isiyosokotwa kwa kawaida ndiyo chuma kinene kuliko vyote kinachobeba mvuto pale (nyuzi zilizosokotwa zinabebwa na kiini cha ndani ambacho ni chembamba, ule msokoto ni uzito tu), na chuma kinene kikinyooshwa kidogo mvuto unaruka sana. Piga hesabu kwa uzi wa chuma wa 0.017 uliotyuniwa G, Hz 196: ukirudi pungufu kwa milimita 0.02 tu unapata karibu senti 10. E nyembamba ya 0.010 kwa kosa lile lile inatoka senti 4 hivi. Milimita 0.02! Kwa hiyo mfereji wa G hauhitaji kubana sana, ukisita kidogo tu mwenye sikio ameshasikia.

Baada ya hapo nikatoa mbao, briji ikaelea tena, nikasukuma mkono chini na kuachia. B na E nyembamba, ambazo nati haikuwa na shida nazo, zikarudi senti 4 chini. Nikauvuta mkono juu kidogo na kuachia, zikapanda juu ya pale zilipoanzia. Nyuzi zisizo na shida kwenye nati zikielekea upande mmoja zote pamoja, hiyo ni briji, hairudi sehemu moja. Nikalegeza nyuzi nikaitoa: ncha ya upande wa nyuzi nene imeliwa, ukipitisha kucha inakwaruza, na nguzo yake ina alama.

Sasa ona balaa lilivyojificha. Mkono ukishuka, nati inaibakiza G juu na briji inaishusha. Hizi hitilafu mbili zilikuwa zinafutana. Siku nyingine zinakaribia kufutana kabisa na P anadhani gitaa limepona, siku nyingine moja inashinda.

Maamuzi na sababu zake

Funguo mpya zibaki. Hazikuwa dawa ya ugonjwa huu ila ni nzuri, na kuzitoa hakusaidii chochote.

Kibanio cha D na G nikakitoa. Nguzo za ngazi zinaushusha uzi zenyewe, kwa hiyo kile kibanio kilikuwa kinaongeza msuguano bila kazi. Nilikitoa kwanza, kabla ya kugusa nati, ili nione peke yake kinafanya nini: D ilipona kidogo, G karibu hakuna badiliko. Cha B na E nyembamba nikakiacha, pale nyuzi zinasafiri mbali mpaka zifike nguzo zake na zikikosa mgandamizo zinatetema ndani ya mfereji.

Nati sikuibadilisha. P alitaka nimuwekee ya mfupa moja kwa moja, kasikia mfupa ni bora. Kina cha mifereji kilikuwa sawa: ukibonyeza uzi freti ya 3 ukaangalia juu ya freti ya 1 kuna uwazi wa unywele, ndivyo inavyotakiwa. Tatizo lilikuwa upana tu, na kuongeza upana ni kazi ndogo kuliko kuchonga nati mpya, tena mfupa wenye mfereji mwembamba unabana vile vile. Nikatumia faili za nati zenye makali ya duara, kila mfereji ukawa mpana kuliko uzi wake kwa milimita 0.05 mpaka 0.10. G ya inchi 0.017 ikapata faili ya inchi 0.020. Faili inainamishwa kuelekea kichwani, ili uzi ushike ukingo wa mbele ule wa upande wa freti, halafu ushuke taratibu kwenda kwenye nguzo. Unasugua kidogo, unarudisha uzi, unajaribu, unasugua tena, maana ukizidisha kina huku ukidhani unaongeza upana uzi ukiwa wazi utagongagonga freti ya kwanza na hapo ndipo nati mpya inakuwa lazima kweli. Mwisho nikapitisha msasa laini uliokunjwa, nikafuta vumbi lote, nikapaka risasi ya penseli. Ndio, ile ile ya mwanzo. Inapunguza msuguano kweli, ila haina uwezo wa kupanua mfereji, ndio maana kwa P ilifanya kazi usiku mmoja.

Briji ndiyo ilikuwa na mjadala. Njia ya kwanza ni kununua sahani mpya ya briji na nguzo zake, iendelee kuelea. Ya pili ni kuilaza, yaani kuzidisha springi mpaka briji ikae juu ya mbao kabisa, isukumwe chini tu. Ikilala, mbao yenyewe inakuwa kituo chake, inarudi pale pale hata kama ncha imechoka kidogo.

P hakutaka. "Sasa fundi ukiilaza si unaniulia tremolo?" Nikamuuliza anauvuta mkono juu mara ngapi. Akafikiri. Wimbo mmoja, mwishoni. Nikamwonyesha kitu kingine: ukivuta G huku B inalia pamoja nayo, kwenye briji inayoelea B inashuka, kwa sababu mvuto wa G unaiinamisha briji nzima mbele. Yeye hizo anazipiga kwenye kila solo, na alikuwa ameshazoea kuivuta B kidogo kwa kidole kingine kufidia bila kujua anafanya hivyo. Akakubali ilale.

Nikalegeza nyuzi, nguzo nikazipanga kimo chake nyuzi zikiwa zimelegea, nikaongeza springi ya nne, maana nyuzi za 10 kwenye skeli hii zinavuta jumla ya kilo 46 hivi wakati za 9 zilikuwa kama kilo 38. Kisha nikakaza skrubu mbili za kile kibati kinachoshika springi mpaka G ikivutwa tone nzima briji haijiinui. Nikaishia hapo, ukizidisha mkono unakuwa mgumu bure. Kimo cha nyuzi nikakiweka upya kwenye vikalio, na intonesheni pia (noti ziwe sahihi shingo nzima), geji ikibadilika lazima isogezwe.

Matokeo

Baada ya nati peke yake, kabla ya kuilaza briji, P alilijaribu na akaniangalia vibaya. Mkono ukishuka sasa G inarudi chini, zamani ilikuwa inarudi karibu na sawa! Ndio ile ya kufutana. Nati imepona, briji imebaki peke yake na inasikika waziwazi. Nilikuwa nimeshamtahadharisha ila kuambiwa na kusikia ni vitu viwili.

Briji ilipolala: G baada ya kuvutwa tone nzima inarudi ndani ya senti 1 au 2, kubonyeza nyuma ya nati hakubadilishi kitu cha maana, mkono ukisukumwa chini zote sita zinarudi ndani ya senti 3. Kwa ncha iliyoliwa hiyo 3 nimeikubali. Nilipoonana naye baada ya mwezi na ushee alisema anaangalia tyuna kati ya wimbo na wimbo kwa mazoea tu, mara nyingi hagusi ufunguo. Ule mwisho wa wimbo wa kuvuta mkono juu ameugeuza, anavuta uzi kwa kidole.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichofeli

Kilichofaa kuliko vyote ni kuibana briji kwa mbao. Haina gharama, na bila hiyo zile hitilafu mbili zinazokwenda pande tofauti ungezitafuta mpaka uchoke, ungepanua mfereji, ungeona G imezidi kushuka, ungesema nati sio, ungerudi kwenye funguo.

Cha pili ni kuangalia kosa limeelekea wapi badala ya kuangalia limekuwa kubwa kiasi gani. Uzi mmoja unashuka baada ya kuvutwa na kupanda ukibonyezwa nyuma ya nati: nati. Uzi mmoja unashuka tu bila kurudi: nguzo ya ufunguo, au uzi mpya haujanyooshwa. Zote sita pamoja: briji, springi au joto. Haimalizi kila kesi, kikalio chenye ukingo mbaya kinaweza kujifanya nati, ila inakuonyesha pa kuanzia.

Kilichofeli ni kununua kabla ya kupima. Funguo za kuloki zinaondoa mteleza wa kwenye nguzo na zinarahisisha kubadili nyuzi, basi. Hazijui chochote kuhusu kinachotokea kwenye mfereji ulio sentimita chache mbele yake. Na penseli ilisomwa vibaya: dawa ikifanya kazi usiku mmoja kisha ikaisha, imeshakuonyesha mahali pa ugonjwa, ilichokosa ni nguvu. P alisoma kinyume, akaenda kutafuta mahali pengine.

Kubadili geji bila kugusa kingine chochote ndiyo chanzo cha yote. Kwenye briji inayoelea geji mpya maana yake mifereji ikaguliwe, springi zikazwe au ziongezwe, kimo na intonesheni vifuate. Angekaza skrubu za nyuma siku ile badala ya kushusha nguzo, ncha ya briji ingekuwa nzima mpaka leo na briji ingeweza kuendelea kuelea.

Kulikuwa pia na mazoea madogo ya kutyuni ambayo tuliyarekebisha pale pale. Alikuwa akipitiliza noti anashuka moja kwa moja mpaka kwenye noti na kuacha hapo, meno ya ufunguo yanabaki na ulegevu na uzi unashuka baadaye. Sasa anashuka chini ya noti kisha anapanda kuifikia, anauvuta uzi kidogo, anasukuma mkono mara moja, ndipo anamalizia. Mchango wake kwenye kisa hiki ulikuwa mdogo, lakini kwenye gitaa ambalo limeshatengenezwa ndio unaosikika.

Sahani mpya ya briji na nguzo zake P anapanga kununua. Akileta nitairudisha kuelea kama anataka bado, springi ya nne itabaki, na ile B inayoshuka akivuta G itarudi pamoja nayo.